Kikombe Kinapokaribia Kujaa

Kila Jumamosi nyumba yao iliamshwa na mlio wa bawaba. Baba, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa akifungua mlango wa karakana yake iliyokuwa ubavuni mwa nyumba, na mlango ule, alioutengeneza kwa mikono yake mwenyewe na asipate wasaa wa kuutia mafuta, ulilia kama mtu aliyefiwa. Mganga hajigangi, Mama alizoea kusema, na fundi hana mlango. Lakini Jumamosi hiyo Mama hakuwapo kusema lolote. Alikwisha kwenda kiwandani kuoka mikate, kwani zamu ya mwisho wa wiki huanza kabla jogoo hajasafisha koo.

Aliyebaki kitandani ni binti yao, msichana wa miaka kumi na minne ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku. Jina hilo alilipata kwa bibi yake, aliyedai kwamba mjukuu huyu alianza kusema kabla ya kutambaa, na kwamba tangu siku hiyo hajanyamaza isipokuwa kwa usingizi.

"Chiriku," Baba aliita kutoka dirishani. Ngao yake ya uso ilikuwa imepandishwa juu ya kichwa kama kofia ya askari. "Insha ya tuzo imefika wapi?"

"Iko kichwani, baba."

"Huko ndiko insha nzuri zote zinakoishi. Mwalimu anaitaka lini?"

"Jumatatu asubuhi."

"Basi iteremshe mapema, mama. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Chiriku alicheka, akaahidi kwamba kabla ya adhuhuri atakuwa ameandika ukurasa mzima. Nia yake ilikuwa njema. Tuzo ya uandishi ya shule ndiyo aliyoitamani kuliko vyote mwaka huo. Mshindi angesoma insha yake mbele ya wazazi wote, na Chiriku alikwisha kuwaza namna atakavyosimama, mahali atakaponyamaza kidogo, na jinsi Baba atakavyojifanya ana kikohozi ili asionekane akifuta machozi. Kichwa cha insha walikwisha kupewa: "Jambo nililofundishwa nyumbani kwetu." Sharti lilikuwa moja tu, kwamba jambo hilo liwe la kweli na liwe limemtokea mwandishi mwenyewe.

Alioga, akanywa chai, akafagia sebule, kisha akaketi mbele ya kompyuta kuukuu ambayo kaka yake aliiacha alipokwenda chuoni. Aliiwasha ili aandike. Hata hivyo, kompyuta ile ilikuwa na mlango mwingine, nao ulimwelekeza Chiriku kwenye mchezo wa daraja.

Mchezo huo ulichezwa mtandaoni na watu wasiojuana, kila mmoja nyumbani kwake, kila mmoja na kipaza sauti chake. Kazi yao ilikuwa kujenga daraja juu ya mto mpana na kulilinda dhidi ya maadui. Chiriku alipenda kulinda lango la mashariki, na kwa muda mrefu mwenziwe wa lango hilo alikuwa mvulana aliyejiita Kobe. Hawakuwahi kuonana. Alimjua kwa sauti tu, sauti ya taratibu isiyo na papara.

"Umechelewa," Kobe alimwambia asubuhi hiyo. "Nilidhani umeolewa."

"Nilikuwa nafagia. Wewe hufagii kwenu?"

"Nafagia, ila nafagia kama ninavyotembea. Nilianza juzi."

"Haya kimbia basi, wanakuja."

"Nikimbilie nini? Adui mwenyewe bado anafunga viatu."

Wachezaji wa mchezo huo walikuwa na desturi zao. Mtu akiondoka bila kuaga mchezo, umbo lake halikutoweka. Lilibaki limesimama palepale alipoliacha, kichwa kimeinama, mpaka mwenyewe arudi. Umbo la namna hiyo waliliita mzimu. Na mtu akienda zake akasahau kuzima kipaza sauti, yeyote aliyesikia mambo ya nyumbani kwake alipaswa kuita mara moja, "Mlango wazi." Hapo mwenyewe angerudi mbio kuuzima, akicheka kwa aibu. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote, lakini hakuna aliyeivunja. Chiriku mwenyewe alikwisha kuokolewa nayo siku Mama alipokuwa akimgombeza kwa ajili ya sufuria iliyoungua.

Jumamosi ikaenda hivyo. Baba alipochungulia adhuhuri aliuliza, "Imeteremka?" naye akajibu, "Inateremka." Jioni aliuliza tena, akajibiwa vivyo hivyo. Jumapili ikaingia, na Chiriku akajipa ruhusa ya mchezo mmoja wa kuchangamsha akili. Mchezo mmoja ukazaa wa pili, na wa pili ukazaa ukoo mzima.

Ilikuwa alasiri ya Jumapili hiyo, wakati lango lilikuwa shwari, Kobe aliposema, "Nakuja sasa hivi, baba ananiita." Umbo lake likainamisha kichwa. Chiriku akabaki na mzimu wake, akisubiri, na masikioni mwake mlango ukawa wazi.

Kwanza alisikia kiti kikiburutwa. Kisha sauti ya Kobe, lakini si ile ya utani.

"Kikombe hiki hapa, baba. Kishike kwa mkono wa kushoto. Hapo hapo. Sasa birika."

"Nitajiunguza," ilisema sauti ya mtu mzima.

"Hutajiunguza. Ukiangalia..." Kobe akakatiza. "Samahani, baba."

"Endelea tu. Maisha yangu yote niliambiwa niangalie. Sasa naambiwa nini?"

"Usikilize. Chai ikianza kuingia, sauti yake ni nene. Inavyojaa, sauti inakuwa nyembamba, inapanda. Ikifika juu kabisa, kama mtu anayetaka kuuliza swali, acha kumimina."

Chiriku alijua anapaswa kuita. Maneno yalikuwa mdomoni: mlango wazi. Maneno mawili tu. Yeye ambaye hakuwahi kunyamaza, akanyamaza.

Akaisikia chai. Ilianza kwa sauti nene, ya chini, kama maji kisimani. Ikapanda. Ikawa nyembamba, ikawa nyembamba zaidi, ikafika pale pa kuuliza, ikakatika.

"Gusa, baba."

"Kimejaa," ilisema ile sauti, na mtu yule akacheka, cheko pana la mtu aliyeokota kitu alichokwisha kukikatia tamaa. "Kimejaa, mwanangu, na vidole vyangu vyote vipo."

Walicheka wote wawili. Halafu cheko la mtu mzima likabadilika katikati, bila kukoma, likawa kilio cha chini kama cha mtu anayejaribu kuinua kitu kizito peke yake. Chiriku alisikia kiti kikisogezwa karibu na kiti.

"Usimwambie mama yako," alisema yule baba.

"Simwambii mtu, baba."

Kisha ukatokea mgongano mdogo, labda mkono ulioigusa meza, na sauti ikazimika. Kobe hakurudi. Mzimu wake ulibaki langoni, kichwa kimeinama.

Chiriku alizima mchezo. Jua lilikuwa linashuka, Jumatatu ilikuwa inakuja, na kichwani mwake hamkuwa na insha yoyote isipokuwa ile aliyoisikia. Akachukua kalamu na karatasi, akaanza kuandika. "Baba yangu haoni," aliandika, na sentensi hiyo ikavuta ya pili, na ya pili ikavuta ya tatu, kama uzi unaofumuliwa kutoka kwenye vazi la mtu mwingine. Aliandika birika, kikombe, sauti nene na sauti nyembamba. Aliandika cheko. Aliandika kilio. Hata yale maneno ya "simwambii mtu" aliyaandika. Alipomaliza, alikunja karatasi. Nje, Baba yake mwenye macho mazima alikuwa akifunga mlango wa karakana, na bawaba zikalia.

Mwalimu wa lugha, mama mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi, alitangaza mshindi siku ya Ijumaa. Kabla ya kutaja jina alikohoa mara kadhaa. Alipolitaja, darasa liligeuka kumtazama Chiriku, lakini hakuna aliyepiga makofi kwa furaha. Walipiga polepole, kama watu wanaotoa pole.

"Mpe baba salamu zetu," Mwalimu alimwambia baadaye, akimshika mkono. "Mwambie shule nzima inamheshimu. Ijumaa ijayo utasoma, naye atakaa kiti cha mbele. Mimi mwenyewe nitamshika mkono."

"Asante, Mwalimu," alisema Chiriku. Kitambo kile angeweza kusema zaidi. Hakusema.

Aliyekaa naye dawati moja alikuwa mvulana mwembamba waliyemwita Kijiko. Siku hiyo Kijiko alimbebea mfuko hadi lango la shule, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waanze kujuana.

"Kumbe mzee haoni na hukuniambia," alisema. "Mimi na wewe tunagawana hata kifutio."

"Sipendi kulisema."

"Sawa. Ila nimeshangaa kidogo. Juzi nilimwona anachomelea geti la jirani yetu. Tena limenyooka."

"Anaona kidogo," alisema. "Asubuhi."

"Aisee," alisema Kijiko kwa heshima kubwa. "Mimi naona mchana kutwa na siwezi hata kunyoosha mstari."

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hawakueleza kwamba mwenye kuipita huiona ndefu. Tangu siku ile Chiriku alianza kuisikia ile sauti. Aliisikia bombani, wanafunzi walipojaza ndoo: nene, kisha nyembamba, kisha ikipanda kuuliza. Aliisikia jikoni, Mama alipojaza chupa ya chai. Usiku wa mvua aliisikia kwenye pipa chini ya mfereji wa paa, na akavuta shuka hadi masikioni. Kila mara ilifika palepale pa swali, na kila mara hakusubiri ikamilike. Aliondoka, au alianza kuimba, au aliziba masikio. Aliacha kunywa chai. Nyumbani walidhani ni homa inamnyemelea, maana chiriku wao alikuwa ameacha kulia.

Alirudi kwenye mchezo alasiri moja, si kucheza. Alikwenda moja kwa moja kwenye lango la mashariki. Mzimu wa Kobe ulikuwa palepale. Wachezaji wengine walipita kando yake wakikimbia na kupiga kelele, nao haukuinua kichwa.

"Kobe," Chiriku aliita. "Upo?"

Hapakuwa na kiti kilichoburutwa, wala birika. Alijaribu kujiambia kwamba Kobe amesafiri. Lakini wazo jingine lilimkalia kama kivuli: huenda Kobe alijua. Huenda pale alipo, amesimama hivyohivyo, kichwa kimeinama, akisubiri mtu aseme lile neno lililopaswa kusemwa.

Ilipofika Jumatano kabla ya siku ya tuzo, Baba alirudi kutoka kazi ya nje, kupitia zahanati, akiwa anapapasa ukuta.

Alikuwa amekwenda kuchomelea ngazi ya chuma kwenye jengo refu, na upepo ulikuwa ukiigonga ngao yake ya uso kila mara. Akaiweka kando, apige nukta chache tu za kuunganisha chuma bila hiyo. Ni kosa ambalo kila fundi humkataza mwanagenzi wake na kila fundi hulifanya siku moja. Mwanga wa kuchomelea haukuumizi papo hapo. Hukusubiri umalize kazi. Jioni macho ya Baba yalivimba na kuwa mekundu, akayahisi kama yamejazwa mchanga. Mganga wa zahanati alimtia dawa, akayafunga kwa kitambaa cheupe, akamwambia asiyafungue kwa siku kadhaa. Yatapona, alisema, lakini akirudia kosa hilo hayatampa nafasi ya kuomba radhi.

Chiriku alisimama mlangoni akakiona kile kitambaa cheupe usoni pa baba yake. Maneno huumba. Bibi alizoea kusema hivyo kila mtu alipotaja maafa kwa mzaha. Baba yangu haoni. Aliandika mwenyewe, kwa mkono wake, kwa herufi safi.

Mama alikuwa zamuni.

"Chiriku, ni wewe?" Baba aligeuza uso kuelekea mahali asipokuwepo. "Mbona unapumua kama mwizi? Njoo. Nina kiu ya chai, na birika naisikia iko hapa, ila kikombe kimenikimbia."

"Nitakumiminia, baba."

"La, niache nijaribu. Sitaki kulishwa kama kinda."

Mkono wa Baba, mkubwa, wenye makovu ya cheche, ulitambaa mezani ukakipata kikombe. Ukainua birika. Mdomo wa birika ulikuwa nje ya kikombe, juu ya goti lake, na chai ilikuwa inachemka.

"Baba, ngoja." Chiriku alikuwa amekwisha kufika na kuushika mkono ule. "Kikombe kishike kwa mkono wa kushoto. Gusisha mdomo wa birika kwenye ukingo. Hapo hapo. Sasa mimina na usikilize." "Mwanzoni ni nene. Inavyojaa inakuwa nyembamba. Ikipanda kama mtu anayetaka kuuliza swali, acha."

Chai ikaanza kuingia. Chiriku hakuwa na mahali pa kwenda; mkono wake ulikuwa juu ya mkono wa baba yake. Aliisikiliza kuanzia chini, kutoka kisimani, ikipanda, ikipanda, mpaka pale palipomfukuza kila siku. Baba akaacha.

Aligusa. Uso uliofungwa ukang'aa. "Kimejaa," alisema, akacheka. "Tazama. Kimejaa." Halafu akageuza kichwa, na safari hii akaupata uso wa bintiye barabara, kana kwamba anauona. "Jambo zuri sana hili. Nani alikufundisha?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Chiriku aliketi sakafuni, miguuni pa baba yake, akalijibu.

Alieleza yote: Jumamosi, Jumapili, lango, mzimu, maneno mawili ambayo hakuyasema, insha, tuzo, uongo wa kuona asubuhi aliomwambia Kijiko. Baba hakumkatiza. Chai ilipoa mkononi mwake.

"Na macho yako," Chiriku alimalizia akilia, "ni mimi, baba. Niliyaandika."

"Macho yangu nimeyaunguza mimi, kwa kiburi cha kuacha ngao chini. Kalamu yako haina moto huo, usijipe cheo." "Lakini hayo mengine ni yako. Kesho utafanya nini?"

"Nitamwambia Mwalimu."

"Nitakusindikiza."

"Baba, huoni."

"Utanishika mkono. Si umeshaniandika hivyo?"

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lilimchoma Chiriku zaidi.

Hivyo asubuhi ya Alhamisi wanafunzi walimwona Chiriku akivuka uwanja wa shule, akimwongoza mtu mrefu mwenye kitambaa cheupe machoni. Kelele zilikoma njia nzima, kama taa zinazozimwa moja moja. Mwanafunzi mdogo mmoja alivua kofia. Kijiko alikimbia kuondoa jiwe lililokuwa njiani, kisha akasimama wima kama askari. Chiriku aliliona hilo lote, na akaelewa jambo la kutisha: hakuna tena ambaye angeweza kumkamata. Uongo wake ulikuwa umeota miguu, unatembea kando yake, na shule nzima ilikuwa shahidi. Angeweza kusema wamekuja kutoa shukrani. Angeweza kusoma kesho. Ilitosha anyamaze mara moja zaidi.

Mwalimu alinyanyuka haraka hata miwani ikagonga meza. "Karibu, mzee. Pole sana. Karibu kiti."

"Nimeshapoa, Mwalimu," alisema Baba. Akakipapasa kiti, akaketi, akafumba mdomo. Chiriku alimtazama akingojea aanze. Baba alikuwa ametulia kama mtu anayesikiliza kikombe.

"Mwalimu," alisema Chiriku, "baba yangu anaona. Amefungwa macho tangu jana, na atafunguliwa. Insha si yangu."

Mwalimu aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Akaivaa miwani yake, akaivua. Chiriku akaendelea mpaka mwisho, bila kujificha mahali popote.

"Nimefundisha kwa miaka mingi," hatimaye alisema Mwalimu. "Nimeshaona insha zilizonakiliwa vitabuni. Hizo ni rahisi. Mwenye kitabu amekichapisha ili kisomwe. Huyu kijana hakuchapisha chochote. Tuzo naiondoa, hilo unalijua. Na darasani utasema mwenyewe, mimi sitakusemea. Lakini limebaki deni lisilo langu. Umemtafuta mwenyewe?"

"Hayupo, Mwalimu. Pamebaki mzimu wake tu."

Mwalimu hakuelewa, ikabidi aelezwe. Aliposikia alitikisa kichwa polepole. "Basi keti karibu na huo mzimu," alisema.

Kusema darasani kulikuwa kugumu kuliko kumwambia Baba na kumwambia Mwalimu. Wengine waliguna, wengine waliinamisha macho. Kijiko alisogea hadi ukingo wa dawati, akakaa hivyo mpaka kipindi kilipokwisha.

"Nilikubebea mfuko," alisema tu.

"Najua."

"Mzito kama nini. Una mawe mle?" Hakutabasamu, lakini siku iliyofuata alisogea nyuma kidogo kutoka ukingoni.

Tuzo ilikwenda kwa msichana wa darasa jingine, aliyeandika jinsi bibi yake alivyomfundisha kupiga pasi na jinsi alivyotoboa shati la mjomba siku ya harusi. Wazazi walicheka hadi wakashikana mabega. Chiriku alikuwa miongoni mwa waliopanga viti.

Kila alasiri, kazi za nyumbani na za shule zilipokwisha, alikwenda langoni kwa muda mfupi. Hakujenga, hakupigana. Alisimama kando ya mzimu wa Kobe. Siku moja, bila ishara yoyote, umbo lile likainua kichwa.

"Wewe bado uko hapa?" ilisema ile sauti ya taratibu. "Tulikuwa kwa shangazi. Kuna mtu kule anamfundisha baba kutembea na fimbo. Daraja limeanguka?"

"Kobe," alisema Chiriku, "mlango ulikuwa wazi."

"Lini?"

"Siku ile ya birika. Nilisikia yote, sikuita. Kisha nikaiandika, nikasema ni mimi na baba yangu. Nikapewa tuzo. Nimeirudisha, na nimesema ukweli shuleni. Jina lako hakuna anayelijua, hata mimi. Naomba unisamehe."

Kimya kilikuwa kirefu mno hata Chiriku akadhani amebaki na mzimu tena. Kisha Kobe akauliza, kwa sauti ndogo, "Uliandika alivyocheka?"

"Ndiyo."

"Na alivyolia?"

"Ndiyo."

"Nilimwambia simwambii mtu." Sauti yake ilipanda, nyembamba, ikakatika. Hatimaye Kobe akasema, "Sehemu ya kilio uichome. Ya kucheka si yangu. Nitamwuliza mwenyewe."

"Nitaichoma leo."

"Sitacheza lango hili kwa muda," alisema Kobe. Na safari hii aliaga mchezo ipasavyo. Umbo lake likafifia, likaondoka. Mahali aliposimama pakabaki patupu, na Chiriku akaona kwamba patupu ni bora kuliko mzimu.

Karatasi yenye kilio, aliyorudishiwa na Mwalimu, aliichoma karakanani, kwenye bati la Baba. Baba, ambaye sasa macho yake yalikuwa wazi, mekundu kidogo pembeni, alikuwa akitia mafuta bawaba za mlango wake. Alisema amechoka kuusikia ukilia.

"Hajasema amenisamehe," Chiriku alimwambia.

"Si lazima aseme. Msamaha si mkate, kwamba ukitoa ombi unapimiwa." Baba alifungua mlango, akaufunga, haukulia. "Sikio halina kope, mwanangu. Kusikia lile la kwanza hukuchagua. Kubaki ukisikiliza, ulichagua. Kuliandika kama lako, ulichagua zaidi. Mlango wa mtu ukiwa wazi si kwamba umekaribishwa. Ukipita, ita, uwape walio ndani nafasi ya kufunga au ya kukuambia ingia. Na siku mbili ulizozipoteza mbele ya mchezo ndizo zilizokufanya utafute mlango wa jirani. Ungeanza mapema, ungegundua kwamba hata hapa kwetu kuna watu, na kuna la kuandika."

Wiki kadhaa zilipita kabla ujumbe haujaingia kwenye kompyuta ya kaka. Ulikuwa mfupi. "Baba anasema ile ya kucheka unaweza kumpa baba yako. Anasema amwage chai kidogo, ndiyo ada ya mwanafunzi. Lango la mashariki Jumamosi? Baada ya kufagia."

Chiriku aliupeleka mezani, akawasomea Baba na Mama. Baba alikisogeza kikombe kwa mkono wake wa kushoto, akainua birika, kisha, ingawa taa ilikuwa inawaka na macho yake yalikuwa mazima, akayafumba.

Chai ikaanza kuingia, nene, kutoka chini. Mama aliacha kukata mkate. Chiriku hakuimba wala hakuziba masikio. Aliisikiliza mpaka mwisho, kwani safari hii alikuwa amekaribishwa.